Sura ya Tano: Mbona Mabua Bado Yanachomwa?

Kila mavuno yanapokwisha, swali hili hurudi. Kama ni kweli mabaki ya shamba yanaweza kutoa gesi ya kupikia, umeme, mbolea, mkaa na chakula cha kuku, mbona moshi bado unapanda mashambani mwaka baada ya mwaka? Mkulima anasikia redioni kwamba amekalia utajiri. Akienda kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane anaoneshwa mtambo wa biogesi unaowasha jiko, na mashine ya kufyatua mkaa kwa pumba. Kisha anarudi nyumbani, anavuna, anakusanya mabua pembeni mwa shamba na kuyatia kiberiti. Miezi michache baadaye yuko kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mkulima hana elimu. Ni jibu linalowaridhisha wanaolitoa, lakini halielezi kwa nini watu wenye elimu, mashine na mikopo nao huchoma. Sura hii ina jibu jingine. Teknolojia nyingi za kutumia mabaki zinafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba tunazipeleka kwenye mabaki yasiyozifaa. Mabaki ya kilimo yako ya namna mbili. Yapo yaliyokwisha kukusanywa mahali pamoja na kiwanda au kinu, na yapo yaliyotawanyika shambani. Ya kwanza yanaweza kubeba gharama ya mtambo. Ya pili, kwa sehemu kubwa, yana wenyewe tayari, nao ni udongo na mifugo. Tukizichanganya namna hizi mbili, tunajenga mitambo inayokosa malighafi huku malundo halisi yakioza mtoni.

Kilichomo ndani ya tani moja ya mabua

Tuanze na kinachopotea. Tani moja ya mabua makavu ya mpunga hubeba takriban kilo 5 hadi 8 za naitrojeni, kirutubisho kinacholipa jani ukijani wake, na zaidi ya kilo 10 za potasiamu, kinachoupa mmea nguvu ya kusimama na kustahimili ukame. Fosforasi, inayojenga mizizi, ni kidogo, kama kilo moja hivi. Ukiyachoma, naitrojeni karibu yote hupaa na moshi. Robo hivi ya fosforasi na sehemu ya tano ya potasiamu hupotea pia, na majivu yanayobaki hupeperushwa na upepo au kusombwa na mvua ya kwanza.

Sasa tulinganishe na dukani. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za naitrojeni. Maana yake mkulima anayechoma tani tatu na nusu za mabua amechoma naitrojeni ya mfuko mmoja hivi. Hasara hiyo ni ya kweli, ila si kubwa kiasi cha kumfanya mtu abadili utaratibu wa msimu mzima kwa sababu yake peke yake. Wahamasishaji wengi huikuza hesabu hii, na mkulima anayejua kupima huwaacha waseme. Hasara kubwa zaidi haionekani kwenye mfuko. Ni ile mata ogania, yaani mabaki ya viumbe yaliyooza na kushikamana na udongo, ambayo huufanya ushike maji na usigeuke vumbi wala sakafu ngumu. Hiyo haiuzwi dukani kwa bei yoyote.

Anayechoma naye ana sababu zake. Mabua huhifadhi panya na wadudu. Huzuia jembe la ng'ombe na kunasa kwenye plau ya trekta. Kuyafukia kwa jembe la mkono ni kazi ya siku nyingi ambazo familia haina. Na yapo mazao ambayo kuyachoma ni sahihi kabisa: wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hutakiwa kung'oa na kuteketeza masalia ya pamba ili funza wa vitumba asivuke kwenda msimu unaofuata. Ugonjwa hatari wa mahindi ulipoonekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, kung'oa na kuharibu mimea iliyougua ilikuwa miongoni mwa njia za kuuzuia usienee. Moto ni chombo kama vingine. Kosa ni kuufanya jibu la kila lundo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kwamba elimu peke yake haitoshi uko India. Katika majimbo ya Punjab na Haryana, mpunga huvunwa kwa mashine na kuacha mabua marefu shambani, na ngano inatakiwa kupandwa mara moja. Mwaka 2009 Punjab ilipitisha sheria ya kuchelewesha upandaji wa mpunga ili kunusuru maji ya chini ya ardhi. Lengo lilikuwa jema, lakini mavuno nayo yakasogea mbele, na muda kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano ukabaki wiki mbili au tatu tu. Wakulima wakachoma kwa wingi kuliko zamani, na kila mwishoni mwa Oktoba na Novemba moshi wao huungana na ule wa magari na viwanda kuifunika Delhi. Mashine iitwayo Happy Seeder, inayopanda ngano katikati ya mabua bila kuyaondoa, imekuwepo kwa miaka mingi, na serikali imeitolea ruzuku. Hata hivyo moto haujazimika, kwa sababu mashine ni ghali, hutumika siku chache tu kwa mwaka, na kiberiti ni rahisi. Watu wale hawakukosa maarifa. Walikosa muda, na hakuna aliyewalipa ule muda.

Lundo lililokwisha kukusanywa

Tutoke shambani twende kiwandani, maana huko mambo hubadilika kabisa. Muwa ukikamuliwa, karibu asilimia 30 ya uzito wake hubaki kuwa makapi ambayo viwandani huitwa bagasi. Hakuna aliyelipa nauli ya ziada kuyaleta. Yamekuja na muwa. Yako chini ya paa moja, yanatoka kila saa, na kiwanda chenyewe kinahitaji mvuke wa kuchemshia sukari na umeme wa kuzungushia mashine. Ndiyo maana viwanda vya sukari vilianza kuchoma bagasi zamani sana, kabla neno nishati jadidifu halijaanza kusikika. Boila huchemsha maji, mvuke wake huzungusha mtambo wa kufua umeme, kisha mvuke huohuo uliopungua nguvu huenda kupika sukari. Kwa njia hiyo moto mmoja hufanya kazi mbili.

Tofauti kati ya kiwanda kinachojitosheleza na kinachouza umeme nje iko kwenye boila. Boila za kale zilitengenezwa ili zimalize makapi yasirundikane. Zilikula nyingi na kutoa kidogo. Boila za mvuke wa msukumo mkubwa hutoa umeme mwingi zaidi kwa makapi yaleyale. Kiwanda cha TPC karibu na Moshi hufua umeme wake kwa bagasi na kuuza ziada kwa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Morisi, kisiwa kidogo kisicho na mafuta wala makaa yake, imefanya hivyo kwa miongo mingi, na umeme wa miwa umekuwa sehemu inayohesabika ya umeme wa nchi nzima. Ila mitambo mingi ya Morisi huchoma bagasi wakati wa msimu wa miwa, na msimu ukiisha huchoma makaa ya mawe yaliyoagizwa kwa meli. Anayeisifu Morisi bila kulitaja hilo anasema nusu ya habari, kwa sababu mabaki ya kilimo hufuata kalenda ya kilimo, na taa hazifuati kalenda hiyo.

Kenya imetupa funzo jingine, chungu zaidi. Mwaka 2009 kiwanda cha sukari cha Mumias kilizindua mtambo wa megawati 38, ambao megawati 26 kati ya hizo zilikusudiwa kuuzwa kwenye gridi ya taifa. Kiufundi ulikuwa mradi mzuri. Kisha miwa ikapungua, kampuni ikazama kwenye madeni, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya mkopeshaji. Mtambo wa umeme haukuwa na jinsi ya kusimama peke yake, kwa kuwa lundo lake lilitoka kwa mkulima wa miwa, na mkulima asiyelipwa kwa wakati hupanda kitu kingine. Kila mradi wa mabaki umeegemea zao lenyewe. Anayetaka kujua kama mtambo utaishi aanze kwa kuuliza hali ya mkulima, halafu ndipo atazame injini.

Korona za Tanga na asilimia 96 inayotupwa

Afrika Mashariki ina lundo jingine kubwa, ambalo limezungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na tangu hapo zao hilo limejenga reli, miji na utajiri wa watu wachache. Jani la mkonge linapopitishwa kwenye korona, ile mashine ya kusindika inayokwangua nyama ya jani na kuacha singa nyeupe, kinachopatikana ni takriban asilimia 4 ya uzito wa jani. Asilimia 96 hutiririka na maji. Fanya hesabu: kila tani moja ya singa inayofungwa marobota huacha nyuma tani 24 za makapi mabichi. Kwa zaidi ya miaka mia moja makapi hayo yalirundikwa nyuma ya korona au kuachwa yaelekee kwenye vijito, yakioza, yakinuka, na kuyanyima maji oksijeni ambayo samaki huvuta.

Makapi ya mkonge hayawezi kuchomwa kama bagasi. Yamelowa mno, moto wake ungetumia nguvu zote kukausha maji. Kinachoyafaa ni vijidudu. Ndivyo ilivyofanyika Hale, mkoani Tanga, mwishoni mwa miaka ya 2000, mtambo wa majaribio wa kilowati 150 ulipojengwa kwenye shamba la mkonge ili kugeuza makapi kuwa biogesi na biogesi kuwa umeme. Kilowati 150 si nyingi ukizilinganisha na mahitaji ya nchi, lakini zinatosha kuonesha kwamba kitu kilichoonekana uchafu wa mto kinaweza kuzungusha mashine ileile iliyokizalisha. Baada ya gesi kutoka, tope linalobaki linarudi shambani likiwa na virutubisho vyake. Kwa maoni yangu, hili ndilo lundo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kwenye kila mpango wa taifa wa mabaki ya kilimo. Limekusanywa, halina mshindani, ng'ombe halitegemei, udongo wa mkulima mdogo haulidai, na likiachwa linaumiza watu wa chini ya mto.

Maji ndiyo yanayoamua

Kutokana na bagasi na mkonge tunapata kanuni inayookoa fedha nyingi: kikavu kipelekwe kwenye moto, kibichi kipelekwe kwa vijidudu. Vijidudu vya biogesi ni bakteria wanaoishi mahali pasipo na hewa. Ukivifungia samadi au makapi mabichi kwenye shimo lisilopitisha hewa, humeng'enya na kutoa methani, gesi inayowaka, ambayo huwa zaidi ya nusu ya gesi yote. Vinafanya kazi vizuri panapokuwa na joto na maji ya kutosha. Ugumu wao ni lignini, ile sehemu ya mti inayofanya bua liwe bua, hiyo hawaiwezi. Kwa hiyo kutupa mabua makavu au pumba kwenye mtambo wa biogesi ni kuuziba.

Watu wa pwani walijua matumizi ya vijidudu kabla ya maabara. Wanawake wa mashariki ya Unguja hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni kwa miezi mingi, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake. Bakteria hula kile kinachoshikanisha nyuzi, na makumbi yakifukuliwa hupondwa na kusukwa kamba. Hiyo ni teknolojia kamili ya kusindika mabaki. Haihitaji umeme, na bidhaa yake imeuzwa kwa vizazi.

Pumba za mpunga, lile ganda gumu la nje, ni kinyume cha makapi ya mkonge. Ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga, zimekauka, na zina silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, kiasi kwamba mifugo haizitaki na vijidudu huzikwepa. Kwenye vinu vya Mbeya, Kahama na Mwea huonekana vilima vyake. Hapa moto ni jibu halali, mradi uwe moto wenye kazi: kuchomea matofali, kukaushia nafaka, au kufyatua mkaa mbadala. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na haitafika huko kwa gesi ya mitungi peke yake. Lakini mkaa wa pumba una kasoro inayostahili kusemwa: unaacha majivu mengi kwa sababu ya silika, na mama lishe atauacha akiona jiko linajaa kila saa. Unawafaa zaidi wenye majiko makubwa, kama shule na wachoma matofali.

Kwa ufupi, malundo makubwa ya ukanda wetu yanaweza kupangwa hivi:

- Bagasi: moto na mvuke, palepale kiwandani.
- Makapi ya mkonge, maganda ya kahawa mbichi na maji ya kuoshea kahawa: biogesi, kisha tope lake shambani.
- Pumba za mpunga na maganda makavu ya kahawa: joto la viwandani, au mkaa wa kutia udongoni.
- Mashudu ya alizeti na pamba, na molasi ya miwa: chakula cha mifugo. Haya yamekwisha kupata soko, na hakuna anayeyaita taka tena.
- Matunda yaliyooza sokoni na machicha ya pombe: funza wa yule nzi mweusi ambaye wafugaji humwita BSF. Funza hao hula kwa muda wa wiki mbili hivi na kugeuka chakula cha kuku chenye protini ya takriban asilimia 40. Taasisi ya icipe ya Nairobi imewafanyia utafiti mwingi.

Mtambo wa nyumbani unaofaa nyumba fulani

Msomaji atauliza: je, biogesi ya nyumbani si imethibitishwa? Imethibitishwa, kwa nyumba zenye masharti yake. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilibuni katika miaka ya 1980 mtambo wa kuba, uliojengwa kwa matofali chini ya ardhi, na umbo lake lililoboreshwa limeenea Tanzania na nchi jirani. Ukijengwa na fundi mzuri hudumu miaka mingi, kwa kuwa hauna chuma cha kuoza.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa lita 40 hivi za gesi. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa ndani wanaweza kutoa kilo 30 kwa siku, yaani lita 1,200, na jiko moja la biogesi hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Hapo familia imepata saa tatu au zaidi za kupika, bila moshi machoni na bila kwenda kutafuta kuni. Lakini kinyesi hicho huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, lita 30 kila siku. Nyumba yenye bomba au kisima uani haioni tatizo. Nyumba ambayo mama huteka maji umbali wa saa moja imeongezewa ndoo na nusu kichwani kwake. Na ng'ombe wanaochungwa mchana kutwa huacha kinyesi malishoni. Mitambo mingi iliyokufa katika nchi zetu ilikufa kwa sababu hizi mbili na kwa kukosa fundi wa kurekebisha bomba au jiko. Ilijengwa kwa sababu mradi ulikuwa na idadi ya kutimiza, na aliyeachiwa gharama ni mwenye nyumba. Programu ya biogesi isiyoanza kwa kuuliza juu ya banda na maji haipaswi kupewa fedha za umma.

Palipo na banda na maji, mtambo huu ni miongoni mwa uwekezaji bora ambao kaya ya kijijini inaweza kufanya, na faida yake kubwa mara nyingi ni tope. Naitrojeni haikuondoka na gesi. Kilichoondoka ni kaboni. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, ambako ndizi, kahawa na ng'ombe wa ndani huishi kwenye eka moja, tope hilo hufika kwenye mgomba kwa hatua chache tu.

Bua la shambani lina wenyewe

Turudi sasa kwenye mabua. Kila baada ya muda hutokea pendekezo la kuyakusanya mabua ya mahindi ya wilaya nzima ili yawe umeme au mafuta. Kwenye karatasi tani huonekana nyingi. Kwenye barabara, bua ni kitu chepesi kinachojaza lori kabla halijafikisha nusu ya uzito wake, kinavunwa kwa wiki chache, kinalowa mvua, na kiko kwenye mashamba ya nusu eka yaliyotawanyika vilimani. Gharama ya kukusanya humeza thamani ya nishati. Na hata kama ingelipa, bua halikuwa halina kazi. Wakati wa kiangazi ndilo linalomvusha ng'ombe hadi mvua. Likibaki chini, linafunika udongo, linazuia jua kuukausha na tone la mvua kuupiga. Kulichukua bila kurudisha chochote ni kuendelea kuvuna udongo.

Kwa hiyo teknolojia inayolifaa bua ni ile inayoliacha karibu na linapoanguka. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa mashimo ya ngoro tangu zamani: nyasi na mabaki hufyekwa, hupangwa kwa mistari inayokatana mraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika. Tuta linabaki na mboji ndani yake, shimo linakusanya maji na udongo uliotaka kukimbia. Milima ileile ambayo kwingine ingekuwa makorongo imelisha watu kwa vizazi.

Mboji ya rundo nayo ni kazi ya vijidudu, ila hawa huhitaji hewa. Wanataka kaboni na naitrojeni kwa uwiano wa takriban 25 hadi 30 kwa moja. Ifikirie kaboni kuwa ugali na naitrojeni kuwa mboga: mabua matupu ni ugali mkavu, na samadi ya kuku ni mboga bila ugali. Ukivipanga kwa tabaka, ukavilowesha na kugeuza rundo, joto la ndani hupanda hadi nyuzi kati ya 55 na 65, kiwango kinachoua mbegu nyingi za magugu na vimelea. Rundo lisilopata joto halijaiva, na kulipeleka shambani ni kupanda magugu.

Pingamizi kubwa dhidi ya mboji ni kazi, na ni pingamizi la haki. Mboji nzuri ina naitrojeni ya asilimia 1 hadi 1.5. Anayetaka kuupa mhindi kilo 50 za naitrojeni kwa hekta moja atahitaji zaidi ya tani tatu kavu, na iliyolowa ni nzito zaidi. Hakuna anayeibeba hiyo kichwani hadi shamba la mbali. Wanaohubiri kwamba mboji iondoe mbolea ya dukani kabisa wanamtwisha mkulima, na hasa mkulima mwanamke, mzigo wasioubeba wao. Busara ni kuvitumia pamoja: mboji kidogo kwenye shimo la kupandia, na mbolea ya dukani kidogo juu yake. Udongo wenye mata ogania huishika ile mbolea isisombwe, na kila shilingi ya mfuko hufanya kazi zaidi.

Bayocha, yaani mkaa laini unaotengenezwa kwa kuunguza mabaki kwenye hewa haba na kuchanganywa udongoni, hufaa kwenye udongo wenye tindikali, na pumba za mpunga zinaifaa sana. Lakini yenyewe ina virutubisho vichache, na kuitengeneza kwa mabua ambayo ng'ombe angekula ni kumnyima ng'ombe.

Lundo linalopanda meli

Kuna mabaki ambayo hatuyaoni kwa sababu tunayasafirisha. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi huuzwa ghafi, zikaenda kubanguliwa India na Vietnam. Katika kila kilo ya korosho ghafi, ganda ni karibu gramu 700. Ndani ya ganda hilo mna mafuta makali yanayounguza ngozi, kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake, yanayotumika kutengenezea rangi, gundi na bitana za breki. Ganda lililokamuliwa hubaki kuni nzuri ya boila. Tunalipia nauli ya meli kupeleka kuni na malighafi ya viwanda ng'ambo, kisha mazungumzo yetu kuhusu kubangua nyumbani huishia kwenye bei ya kiini.

Wengine husema kubangua hapa kutatuletea uchafu: moshi wa maganda hudhuru mapafu, na mafuta yake huchoma mikono ya wabanguaji. Ni kweli, na viwanda vya zamani viliwaumiza watu hivyo. Dawa yake inajulikana: kukamua mafuta kabla ya kuchoma ganda, boila yenye moto mkali unaomaliza moshi, na glavu kwa kila mfanyakazi, vikikaguliwa na serikali kweli. Mabibo nayo, yale matunda yenyewe, huwa na uzito mara tano hadi kumi ya korosho yake, na mengi huozea chini ya mikorosho baada ya machache kuwa pombe ya uraka au kukaushwa. Hayo huharibika kwa siku moja, kwa hiyo kiwanda chake kitakuwa kidogo na kitakuwa kijijini, au hakitakuwepo.

Kabla ya kununua mashine

Kiongozi wa chama cha ushirika au diwani atakayeletewa mchoro wa mtambo wa mabaki aombe majibu manne kwa maandishi. Lundo liko wapi leo, na nani atalipia kulisogeza? Lina maji kiasi gani? Nani analitumia tayari, hata kama hajawahi kulilipia? Na zao likiyumba kwa misimu miwili, mtambo utakula nini? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hajafika shambani, na mchoro wake usubiri.

Fedha za halmashauri zikitosha mradi mmoja tu, ziende kwenye korona, kwenye kinu cha mpunga au kwenye mtambo wa kumenya kahawa, ambako lundo lipo na mto unaumia. Mabua waachiwe ng'ombe na udongo.